Naomba ushauri: riwaya za kijasusi, kusoma kwanza au kutazama kwanza?

Wakuu, habari zenu. Nalinganisha riwaya za kijasusi na filamu zake, tukio kwa tukio, na nimekwama kwenye Tinker Tailor Soldier Spy ya John le Carré (1974). Ipo tamthilia ya BBC ya 1979, vipindi 7, Alec Guinness akiwa Smiley (jasusi, mhusika mkuu), na filamu ya 2011 yenye Gary Oldman, dakika 127. Kitabuni jasusi mwenzake, Jim Prideaux, anapigwa risasi msituni, Czechoslovakia, nasi tunayajua kwa vipande, kila shahidi na chake. Filamu inalipeleka tukio Budapest, mgahawani, tena mwanzoni kabisa. Hamu ya kuchimbua inapungua. Nilinganishe na ipi?

The Thirty-Nine Steps (1915) ni afadhali: kwa mwandishi wake, John Buchan, ni ngazi za kweli za kushukia baharini, kwenye filamu ya Hitchcock (1935) ni jina la genge la majasusi. Mr Memory, yule mtumbuizaji wa filamuni anayekumbuka kila kitu, hata kitabuni hayumo!

Mnaanza na kipi? Smiley wa kitabuni ni mfupi, mnene. Ukitangulia filamu, sura ya mwigizaji haikutoki kichwani. Na mabadiliko mnayapanga kwa mhusika au kwa mahali?