Malalamiko: Ekzosi ya Datsun 240Z iliyouzwa kwa maelezo yasiyo ya kweli imeniharibia hedi ya injini

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sina nia ya kuificha. Gari nililolitunza kwa miaka kumi na moja limesimama bandani kwangu hapa Arusha bila hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha silinda za injini, na lililolifikisha hapo si uchakavu wala ajali, bali ni maneno ya mtu aliyeniuzia ekzosi ambayo hakuwahi kuipima hata mara moja. Jina la duka lake silitaji, kwa sababu shauri letu bado halijaisha na nataka liishe kwa haki. Ninachotaka kukieleza ni kitendo chenyewe, kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyetendewa hivyo.

Gari ni Datsun 240Z yenye usukani wa kulia na injini yake ya asili, L24, silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Ndilo gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia mlio wake tangu nikiwa sijaanza shule, na nilipolipata, likiwa limetelekezwa chini ya mwembe kule Tanga, nililinunua kabla sijauliza kama linawaka.

Ekzosi ya zamani ilikuwa imefika mwisho. Manifoldi yake ya chuma cha kumimina, yaani sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilikuwa na ufa, na sailensa ilikuwa imeoza kiasi cha kupitisha kidole. Niliamua kufunga mfumo mpya wa mabomba sita yanayokutana kwanza kuwa mawili, kisha moja, na sikuuchagua kwa sababu ya urembo. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-5-3-6-2-4, maana yake silinda tatu za mbele na tatu za nyuma hupokezana kila mara. Ukiziunganisha tatu tatu, kila bomba hupokea moshi kwa nafasi zinazolingana, na msukumo wa moshi unaotangulia husaidia kuuvuta ule unaofuata. Faida hiyo ni ya kweli, lakini huipati endapo bomba limefungwa vibaya pale linapoanzia.

Kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji maswali matatu kwa ujumbe, na majibu yake ninayo. Niliuliza kama flenji zake, yaani bapa za chuma zinazofungwa kwa bolti kwenye hedi, zinalingana kwa unene na za manifoldi ya hewa (ile inayoingiza hewa kwenye silinda) ya L24, akajibu kwamba mfumo unafunga moja kwa moja bila kukata wala kuchonga chochote. Niliuliza ni chuma gani, akajibu ni stenlesi ya daraja la 304. Niliuliza kipenyo cha bomba kuu, akajibu inchi mbili na nusu. Nikalipa shilingi 2,850,000 pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam, nikiamini kwamba mtu anayejibu kwa uhakika namna hiyo ameishika bidhaa mkononi na kuipima.

Kazi niliifanya mwenyewe nyumbani, kwa uangalifu, na nasema hivyo kwa sababu muuzaji sasa anadai kwamba niliharakisha. Gari nililipandisha juu ya stendi nne. Nati na stadi (bolti zisizo na kichwa) za zamani nilizilowesha mafuta ya kulegezea kutu kwa jioni tatu mfululizo kabla sijaweka spana, kwa kuwa kila fundi aliyewahi kuigusa injini hii anajua kwamba stadi za mwanzo na za mwisho, karibu na silinda ya 1 na ya 6, ndizo hukatika kwanza. Zote zilitoka nzima. Uso wa hedi niliusafisha, nikaupima kwa rula ya chuma, nikaweka gasketi mpya ya kuziba mwanya kati ya hedi na manifoldi.

Sasa naomba mnisikilize hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Katika injini ya L24, manifoldi ya hewa na ya ekzosi zote ziko upande mmoja wa hedi, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya bolti zinazishika zote mbili kwa pamoja. Bolti hizo huwa na wosha nene na pana, ambayo nusu yake hukalia flenji ya juu na nusu nyingine hukalia flenji ya chini. Wosha hiyo haiwezi kukandamiza sawasawa isipokuwa flenji zote mbili ziwe na unene uleule. Moja ikiwa nyembamba, wosha hulala upande, hukandamiza ile nene peke yake, na ile nyembamba hubaki imening'inia ikisubiri moshi uisukume. Ukizidi kukaza, nguvu yote inakwenda kwenye kuipinda bolti, na bolti hiyo imejishika kwenye nyuzi za alumini, kwa kuwa hedi ya gari hili si ya chuma.

Nilipowasha, injini ilitoa ule mlio wa kupwita unaojulikana na kila mtu aliyewahi kusikia ekzosi inayovuja. Nilisubiri ipate moto, nikidhani chuma kitatanuka na kuziba. Hakikuziba. Nikampigia muuzaji simu, nikamweleza mlio unatoka sehemu gani, naye bila kuuliza swali hata moja akaniambia: "Kaza zaidi, gasketi mpya lazima ikae." Mtu aliyeuza mfumo huu kwa ajili ya injini hii, na aliyekwisha kuulizwa kwa maandishi kuhusu unene wa flenji, alipaswa kuniambia nizime gari na nipime. Nilikaza kama alivyoagiza, na bolti ya nyuma kabisa ikala uzi na kutoka na vipande vya alumini vikiwa vimeizunguka.

Siku iliyofuata nilifungua kila kitu na kupima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Flenji za mabomba mapya zilikuwa nyembamba kuliko za manifoldi ya hewa kwa milimita 2.5. Tena zenyewe kwa zenyewe hazikulingana, maana ile ya silinda ya 6 ilikuwa imepindika kwa moto wa kuchomelea na haikunyooshwa wala kusagwa. Kipimo hicho kinachukua nusu dakika. Angekifanya kabla ya kunijibu, angeniambia niagize wosha zenye ngazi au nichongewe pete za kujazia, nami ningefanya hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu gari lenye zaidi ya nusu karne halikosi marekebisho.

Nilipomtumia picha, alijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Hapana. Gari halina kosa lolote hapa, na unene wa flenji yake ni uleule lililotoka nao kiwandani.

Kuhusu chuma, nilichukua sumaku ya spika mbovu na kuipitisha kwenye bomba lote. Stenlesi ya 304 kwa kawaida haishiki sumaku. Huweza kuivuta kidogo kwenye kona zilizokunjwa, na hilo nalijua. Hii ilinasa kila mahali, hata kwenye sehemu zilizonyooka kabisa, na baada ya mvua mbili mishono yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Zipo stenlesi zinazoshika sumaku, kama ile ya daraja la 409 inayotumika sana kwenye ekzosi ambazo magari hutoka nazo kiwandani, nazo ni chuma halali kabisa, lakini bei yake ni ya chini. Mimi nilitozwa bei ya 304. Bomba kuu nalo lilikuja na kipenyo cha inchi tatu, kubwa mno kwa injini ya lita 2.4, na linaning'inia chini kiasi kwamba halivuki tuta la barabara ya mtaani kwetu bila kugusa.

Lakini fedha na hata hedi si vitu vinavyoninyima usingizi. Katika injini hii kabureta zimekaa juu ya ekzosi moja kwa moja, na ndiyo maana kiwanda kiliweka bati la kuzuia joto kati yake, bati ambalo kwenye mfumo huu mpya halikuwa na mahali pa kufungwa. Moshi wa moto uliokuwa ukivuja pale kwenye flenji ulikuwa ukipuliza kuelekea juu, kwenye vikombe vya petroli vya kabureta. Zaidi ya hapo, 240Z inajulikana kwa kuvuta moshi wake ndani kupitia mlango wa nyuma endapo mpira wake umechoka, na hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu ya kumwonya mtu. Jumamosi ile ile nilikuwa nimepanga kumpeleka mke wangu mjini Moshi kwa gari hilo. Nilipomweleza muuzaji jambo hili, alikata simu.

Madai yangu kwake ni haya: anirudishie fedha zote nilizolipa, achukue mabomba yake kwa gharama yake, na alipie kuchongwa upya kwa nyuzi za hedi na kuwekewa koili ya chuma ya kushika bolti, kazi ambayo nimekwisha kupewa makadirio yake kwa maandishi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Barua yangu nimempelekea Jumatatu iliyopita na nimempa siku kumi na nne. Asipojibu, nitaipeleka kwenye Tume ya Ushindani pamoja na ujumbe wake wote, picha za vernia, na ile bolti yenye alumini iliyong'ang'ania kwenye nyuzi zake, ambayo nimeihifadhi kwenye chupa.

Kwa sasa ninaomba mambo mawili kutoka kwenu. Aliye na injini ya L24, au ndugu zake L26 na L28, yenye manifoldi ya hewa ya asili, tafadhali apime unene wa flenji yake sehemu tatu na kuniwekea vipimo hapa, ili nisiwe na kipimo cha gari langu pekee nitakapoulizwa. Na aliyewahi kununua ekzosi ya gari la zamani kwa ahadi hiyohiyo ya "inafunga moja kwa moja" kisha ikamtokea kama yaliyonitokea, anitumie ujumbe wa faragha akiwa na risiti, kwa sababu nikienda na walalamikaji watatu hatuwezi kujibiwa kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo.