Madaktari, mkishika kalamu mnajua hiyo dawa inauzwaje?

Wakuu, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Bimkubwa ana presha. Alitoka hospitali na cheti cha dawa mbili, zote kwa majina ya kampuni. Juzi namkuta na wembe anakata kidonge, nusu leo nusu kesho, ili pakiti imfikishe mwisho wa mwezi. Kurudi kliniki, presha iko juu. Daktari hakuuliza hata kama anameza zote, akaongeza ya tatu! Mtu mbili zimemshinda, unamwandikia tatu?

Nikaichukua ile pakiti nikaisoma. Jina la kampuni limejaa upande mzima, na chini yake, kwa herufi za sisimizi: amlodipini, miligramu 5. Nikamuuliza mfamasia kama anayo amlodipini ya kawaida. Akavuta droo nyuma yake, akaitoa. Dawa ile ile, miligramu zile zile, bei haifiki hata robo. Mbona hukusema mapema? Eti yeye anatoa kilichoandikwa.

Dawa yake ya tumbo ndiyo iliyonimaliza kabisa. Esomeprazoli. Omeprazoli tunayoijua siku zote ni mchanganyiko wa molekuli mbili pacha, zinafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Wakachukua mkono mmoja, wakaupa jina jipya, wakauingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati hataza (haki ya kampuni kuitengeneza peke yake) ya ile ya zamani inaelekea ukingoni. Kwa kiungulia cha bimkubwa, tofauti utaitafuta kwa tochi.

Na asije mtu hapa na "rahisi ni feki". Feki ni feki hata ikiwa na jina kubwa. Jeneriki, yaani dawa ile ile isiyo na jina la kampuni ya kwanza, ikisajiliwa lazima ionyeshe inafika kwenye damu sawa na ile ya kwanza. Zipo chache, kama baadhi ya dawa za kifafa, ambazo kurukaruka kampuni si salama. Hizo sawa, andika jina na useme sababu.

Majina ya kimataifa ya dawa, kama hilo amlodipini, yapo tangu 1953, orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1977. Hospitali inashindwa nini kuweka bei kwenye kompyuta, daktari aione palepale anapoandika? Maana naamini wengi hawazijui. Yule wetu nilipomtajia gharama ya mwezi alibaki kanitumbulia macho, kalamu mkononi. Kalamu yenyewe imechapwa jina la ile dawa ya tumbo.