Kuna mtu kaoa Bluetooth ya gari letu, leo nimedhalilishwa mbele ya mama mkwe

Wakuu, naandika nikiwa nimeegesha pembeni hapa Mbezi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo msianze kunisahihisha herufi.

Yule mtu, shemeji yangu, mnamjua. Msijifanye hammjui, kila nyumba anaye. Gari hana, leseni kaipata juzi, mafuta hajawahi kuweka hata ya harufu, lakini ukiwasha gari redio inamtafuta yeye kwanza. Simu yake iwe sebuleni, iwe chooni, iwe chini ya mto, gari likiguna tu imeshadaka. Na jina alilolipa hilo lisimu lake sasa! Redio yetu ni ya Kijapani, skrini nzima ni michoro ambayo haijui mtu kuanzia bandarini mpaka Kimara. Kitu pekee kinachosomeka pale ni MWENYE GARI. Ndiyo simu yake hiyo. Mimi niliyelipia ushuru natokea chini kabisa, nikitokea.

Sasa leo asubuhi nampeleka mama mkwe stendi ya Magufuli. Kakaa mbele, nyuma yupo dada yake na mabegi. Tuko getini, injini inanguruma, namsubiri mtoto afunge geti. Sauti ya redio iko juu mwisho kwa sababu jana usiku MWENYE GARI alikuwa anapiga singeli. Mara spika zikaanza kuita. Sijagusa kitu! Kumbe kule ndani mtu kapokea simu yake, na gari nalo likapokea naye. Ikatoka sauti ya mdada, spika zote, mpaka vioo vinatikisika:

"Baby, yule shemeji yako Weka ya Kumi ameshakuachia gari?"

Weka ya Kumi. Mimi. Baba wa watoto wawili, mjumbe wa kamati ya maji.

Kule sebuleni namsikia mtu anapayuka, "Haloo! Haloo! Mbona sikusikii?" Utasikiaje na anayesikia ni mama yako? Mdada wa watu hana habari, anaendelea kutiririka: "Maana juzi limetuzimikia kwenye mataa, nimesukuma gari na kucha mpya."

Hapo ningezimia nikapumzika. Lakini mama mkwe wangu, mtu ninayemwamkia nimeinama, akasogeza mdomo kwenye redio, akajibu kwa upole kabisa:

"Bado mwanangu, tupo naye hapa."

TUPO NAYE HAPA, wakuu. Simu ikakatika. Mama mkubwa huko nyuma akaanza kukohoa, si kikohozi kile. Mama mkwe alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Tumefika njiani, kimya kimerudi, nadhani yameisha, nikaingia sheli. Kijana wa pampu kaja dirishani: "Weka ya ngapi bosi?" Gari zima likapasuka. Nikamwambia jaza. Jaza! Hili gari tangu lishuke melini tanki lake halijawahi kujaa, kijana mwenyewe akaniuliza mara mbili.

Pesa ya ada ya mtoto ipo kwenye tanki. Na kichwani ni hiyo sauti tu, bado mwanangu, tupo naye hapa. Nisaidieni, simu ya mtu inafutwaje kwenye redio ya Kijapani? Au nauza gari. Au nauza shemeji, bei inapungua.

Kipanga wa Goba: Weka ya Kumi, karibu jukwaani.

MamaWatatu: Nimekwama hapo "tupo naye hapa", sijaendelea. Huyo mama apewe gari kabisa.

Mleta uzi: Dada usicheke. Ameshuka stendi ananiambia "baba, urudi salama, mafuta si yapo." MAFUTA SI YAPO!

Chogo Mzoefu: Mkuu tuwe wakweli, lakini ni kweli unaweka mafuta ya elfu kumi?

Mleta uzi: Hilo linahusiana vipi na Bluetooth?

Chogo Mzoefu: Haya, tumeelewa.

FunditaaIlala: Pole mkuu. Redio inaweka kumbukumbu ya simu kadhaa, na ukiwasha gari inaanza na iliyotumika mwisho au ile iliyopewa kipaumbele. Bluetooth inafika kama mita kumi, sebule yako iko jirani na geti, ndiyo maana. Piga picha skrini kwa Google Translate, Kijapani kitageuka, utafute orodha ya simu, uifute. Halafu na jina la gari lifutwe kwenye simu yake, isije ikabisha hodi tena. Kama hutaki ugomvi, kwenye simu yake, kama ni ya Android, uingie Bluetooth, uguse alama ya mipangilio kando ya jina la gari, uzime upande wa simu, ubakize muziki.

Mleta uzi: Fundi unasema niiguse simu yake? Ile simu ina nywila, alama ya kidole na sura. Nyumba yangu haina ulinzi huo.

Kipanga wa Goba: Chomoa betri ya gari, redio itasahau kila kitu.

FunditaaIlala: WEWE ACHA KUPOTOSHA WATU. Redio nyingi za Toyota kutoka Japani ukizikatia umeme zinajifunga, zinaandika ERC, zinaomba namba. Hapo hupati simu, hupati muziki, hupati chochote. Wateja wangu nusu ni watu walioshauriwa na watu kama wewe.

Binti Makorora: Nyie mna bahati mmetukanwa tu. Gari letu tunatumia mimi na mume wangu. Tunamrudisha mtoto kutoka twisheni, baba mtu kaegesha mbele ya duka, kashuka na kaacha simu kitini. Ikaingia simu, skrini imeandika Fundi Bomba. Mtoto kabonyeza pale kwenye usukani. Fundi Bomba ana sauti nyororo jamani, na anauliza kama nimelala.

MamaWatatu: Eeh! Ikawaje?

Binti Makorora: Nikamwambia bomba limepasuka aje upesi. Hajaja.

Chogo Mzoefu: Fungua uzi wako dada, huu wa mafuta umeshaisha.

Mdaiwa Sugu: Mimi nilikuwa nimembeba mzee wa kanisa, tunaongelea harambee. Ikaita namba ngeni, nikapokelea kwenye gari nionekane mtu wa maana. Kumbe wale wa mikopo ya simu. "Unalipa leo au tuwapigie ndugu zako?" Mzee wa kanisa akafungua Biblia, akaanza kusoma kimoyomoyo. Harambee jina langu halikuitwa.

Kipanga wa Goba: Hao kausha damu walimpigia mpaka mwalimu wangu wa shule ya msingi. Na mkopo wenyewe ulikuwa wa elfu hamsini.

Mdaiwa Sugu: Elfu hamsini? Mimi nilichukua thelathini, nimehama mtaa.

Otis wa Ruaka: Huku Nairobi mzee wangu hataki simu ya mtu mwingine iguse gari. Yeye mwenyewe anaweka redio ya kwao, sauti juu, habari za vifo tu mpaka tufike ushago. Heri huyo msichana wa kucha.

Mleta uzi: Jamani tupo kwenye mada yangu. Mama mkwe kafika Chalinze, kanitumia ujumbe "tupo salama, na dereva wetu ameweka ya kutosha". Mnaona sasa? Mnaona?

Tabu Tupu: Kuhusu Kijapani, kuna kitu kinanikera kuliko Bluetooth. Yule mama anayeongea ukiwasha gari. "ETC kaado ga" sijui nini, kila asubuhi. Mwanangu hajui kuhesabu mpaka ishirini, lakini hiyo anaisema yote, na lafudhi.

FunditaaIlala: Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni ya kulipia barabara za kwao Japani. Kile kifaa kinachomolewa, dakika chache tu.

Tabu Tupu: Miaka yote najua ananitakia safari njema.

MamaWatatu: Mimi namjibu "asante mama".

Otis wa Ruaka: Na hizo redio zao FM haifiki mia, stesheni zote nzuri ziko juu. Mnazipataje huko?

FunditaaIlala: Tunafunga kifaa cha kuongeza masafa, au unang'oa yote unaweka redio ya Android. Hiyo inakuja na Kiingereza na kamera ya nyuma.

Chogo Mzoefu: Kamera ya nyuma peke yake unafunga kwa ngapi? Nimeshagonga nguzo ya jirani, anataka tofali zake.

FunditaaIlala: Njoo PM. Uko wapi?

Chogo Mzoefu: Mbagala.

FunditaaIlala: Mbagala nakuja Jumamosi, nauli juu yako.

Tabu Tupu: Ukipita Temeke unitolee na huyo mama wa ETC.