Mpini wa wembe wa kukunja uliopasuka: kuunga, pembe ya ng'ombe au mpingo?

Mkazi wa Nzuguni
Wanajukwaa, habari za kazi. Nimekabidhiwa wembe wa kukunja wa marehemu babu, uliotengenezwa Solingen, Ujerumani. Bapa lake ni zima, lakini mpini wake wa rangi ya asali umepasuka kwenye pini na umeanza kumomonyoka pembeni. Hapa Dodoma nimetajiwa njia tatu: kuziba ufa kwa gundi ya epoksi, kuchonga mpini mpya wa pembe ya ng'ombe, au kuuchonga wa mpingo. Ningependa wembe ubaki na sura yake ya zamani, lakini nataka pia unyoe. Ipi inafaa zaidi, na kwa sababu gani?

Fundi wa Kondoa
Ndugu, kabla ya kununua gundi, tambua kwanza mpini huo ni wa kitu gani. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Ukisikia harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya kale ambayo John Wesley Hyatt aliisajili Marekani mwaka 1870. Hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki na kuchanganywa na kafuri, na ikishazeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicho karibu nayo. Ndiyo maana nyembe nyingi za aina hiyo huwa na kutu mahali pale pale ambapo bapa hulala ndani ya mpini. Seluloidi iliyofikia hatua ya kumomonyoka haiungiki, kwa sababu gundi itashika ufa mmoja huku mwingine ukifunguka kando yake. Itenganishe na bapa mapema, usivihifadhi pamoja, na usiikaribishe kwenye moto wala jiwe la kunolea la umeme, kwani huwaka upesi mno. Epoksi ningeikubali kwa ufa mdogo kwenye mpini wa pembe au wa mti, si kwa huu wako.

Seremala wa Mpwapwa
Naunga mkono kuachana na gundi. Kati ya hizo mbili zilizobaki, mimi nachagua mpingo. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, haupendwi na wadudu, na ukipigwa msasa laini hung'aa bila vanishi. Sharti lake ni kwamba uwe umekauka kweli, kwa sababu kiangazi cha huku kwetu ni kirefu na mti mbichi utapinda au kupasuka kwenye tundu la pini. Usipunguze kila ubao, yaani kila upande wa mpini, chini ya milimita 3, na uvae barakoa unapousaga, maana vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza kifua.

Fundi wa Kondoa
Seremala, kuhusu uimara sina ubishi. Hata hivyo, mwenye wembe ametaka sura ya zamani, na seluloidi ya rangi ya asali iliigiza pembe tangu mwanzo. Pembe ya ng'ombe isiyo nyeusi, ambayo katika mkoa wa wafugaji kama huu haikosekani machinjioni, itamrudishia rangi ile ile. Tena pembe ina unyumbufu ambao mpingo hauna, na mpini wa wembe unahitaji kupinda kidogo. Ipasuliwe kwa msumeno, ilainishwe katika maji yanayochemka, kisha ibanwe kati ya vipande viwili vya chuma mpaka ipoe na kukauka, ndipo ichongwe. Udhaifu wake ni wadudu na ukavu. Kuipaka mafuta mara kwa mara hupunguza yote mawili.

Bi Sonara wa Majengo
Ndugu zangu, mmejadili mpini mkasahau pini, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Pini ya zamani isitolewe kwa kupigwa: kichwa chake kisagwe kwa tupa ndogo hadi kiishe, kisha isukumwe taratibu. Mbao mbili zibanwe pamoja na kutobolewa kwa mara moja, ili matundu yalingane. Kabla ya kuweka pini mpya ya shaba ya milimita 1.6, funga kila kitu kwa skrubu ndogo na nati, ukunje na kukunjua, utazame kama makali yanaingia katikati bila kugusa upande wowote. Yakigusa, rekebisha kabari ile ya mkiani mwa mpini, upande ulio mbali na pini ya bapa: ndiyo inayozitanua mbao na kuzipa mkazo kwenye pini. Ukisharidhika, gongagonga kingo za kichwa cha pini kwa nyundo nyepesi, kipande cha chuma kikiwa chini, wala usipige katikati kwa nguvu. Bapa lisianguke kwa uzito wake lenyewe, wala lisihitaji kulazimishwa.

Mkazi wa Nzuguni
Nawashukuru nyote. Nimeusugua, na harufu ya kafuri ipo dhahiri, kwa hiyo nitachukua pembe. Dada Sonara, je, kabari nayo iwe ya pembe?

Bi Sonara wa Majengo
Pembe inafaa, kaka. Za zamani nyingi zilikuwa za risasi, lakini hiyo ni sumu na huna sababu ya kuirudisha. Ichonge iwe nene upande wa mkiani na ipungue kuelekea kwenye bapa, na usiigundishe mpaka jaribio la skrubu likubali.