Wakuu, nimekwama sura ya 11 Fire Emblem Engage. Nianze upya au nishushe ugumu?

Jogoo la Kimara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wengi ni watu wa mpira na magari, lakini wa gemu za mikakati pia mpo, mnajificha tu.

Nina Switch Lite, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Three Houses, gemu nyingine ya Fire Emblem, niliimaliza, nikavuta subira mpaka nikapata kadi ya Engage iliyotumika pale Kariakoo. Nacheza zaidi kwenye mwendokasi, asubuhi naenda Kivukoni, jioni narudi Kimara. Siku nikipata siti naweza kumaliza vita nzima, nikisimama naifunga naweka kwenye begi. Nimeweka Hard na Classic, yaani anayekufa ndiyo kafa, harudi.

Nilikuwa nakwenda vizuri hadi sura ya 10. Boucheron alishatangulia mapema, sikujali sana. Ila sura ya 10 nikampoteza Chloé, yule dada wa farasi mwenye mabawa. Kioo cha kurudisha muda kilikuwa kimeisha, zile mara 10 zote nimeshazitumia kwenye ramani hiyohiyo. Mpiga upinde akajitokeza, mshale mmoja, dada anaaga maneno mawili, basi. Nilikaa naangalia kioo cha mashine mpaka kondakta wa nafsi yangu akaniambia shuka.

Halafu mwisho wa sura wanakunyang'anya pete zote sita, zile zenye mashujaa wa kukuongezea nguvu, na kioo cha muda wanaondoka nacho! Sura ya 11 naanza mikono mitupu, adui wananifuata nyuma, na yule mzee wangu Vander siku hizi anapiga mtu damu haipungui.

Nauliza: nianze gemu upya toka mwanzo nikiwa na watu wote, au nishushe iwe Casual, ile ambayo mtu akianguka anarudi vita inayofuata, niendelee? Na je, kuna anayejua jinsi ya kupita hii sura bila kufiwa tena?

---

Fundi Redio

Pole mkuu. Jibu fupi: usianze upya.

Jibu refu. Hiyo sura imetengenezwa uione hivyo hivyo unavyoiona, umevuliwa kila kitu. Lakini haijakutaka uwamalize maadui, imekutaka utoroke. Watu wengi wanakwama hapo kwa sababu sura kumi zote wamezoea kufyeka ramani nzima kabla ya kusonga. Hapa ukigeuka kupigana na wanaotoka nyuma ndiyo mwisho wako. Mwenye kwenda taratibu atangulie. Louis kama unaye, yule wa mavazi ya chuma, hafiki mbali kama wa farasi na wa mabawa, kwa hiyo zamu ya kwanza tu aanze safari. Ukimwacha nyuma eti akulindie mgongo, wachawi watammaliza, maana chuma chake kinazuia silaha, hakizuii uchawi.

Pili, humohumo kwenye sura unaletewa msaada. Ivy, aliyekuwa adui yako, anakuja upande wako na wasaidizi wake wawili, Kagetsu na Zelkov, na pete za Lyn na Lucina zinaingia. Usiwe na haraka ya kukata tamaa kabla hujawaona.

---

Chalii wa Mbagala

Mnaongelea gemu gani hii wakuu, haina hata mpira?

---

Kete Moja

@Chalii wa Mbagala kaa kwa kutulia ujifunze mdogo wangu 😂

@Jogoo, nakazia alichosema Fundi, halafu niongeze moja ambalo watu hawalitilii maanani. Hii gemu inakupa watu wengi kuliko nafasi ulizonazo vitani. Waliokufa kwako, Boucheron na Chloé, ni wa mwanzo. Wanaokuja kuanzia hapo ulipo wanakuja wakiwa wameiva. Kagetsu anaingia akiwa tayari kapandishwa daraja. Sura ya 12 unampata Pandreo, ya 13 unampata Panette na shoka lake, naye kashapandishwa. Ukianza upya utatumia wiki nzima kumlea Chloé halafu ukifika huku utamweka benchi mwenyewe.

Ni kama drafti pale kijiweni: kete ikiliwa unaangalia ubao ulivyokaa sasa hivi, huombi mchezo urudishwe. Classic ina raha yake kwa sababu hiyo. Mtu akifa, hadithi yako inakuwa tofauti na yangu.

Kuhusu Vander, mwache apumzike. Yule mzee kawekwa pale akubebe sura za kwanza tu. Anaanza na nguvu, ila akipanda levo hapati kitu, na kila adui anayemuua yeye amewanyima vijana chakula.

---

Bint Sinza

Kaka zangu mna maneno matamu, lakini mimi nitampa ushauri wa mtu mwenye kazi na watoto.

Kaka Jogoo, shusha iwe Casual kama unaona moyo hautaki. Wala si aibu. Casual haikuja jana, ilianza na gemu ya Fire Emblem ya mashine ya Nintendo DS ya mwaka 2010 iliyotoka Japani, na tangu hapo kila toleo jipya linayo. Waliotengeneza gemu wenyewe wameona kuna watu wanapenda mikakati lakini hawapendi mazishi.

Jambo moja tu ulijue kabla ya kubonyeza: ukishatoka Classic kwenda Casual huwezi kurudi. Ugumu nao hivyohivyo, Hard unaweza kuishusha iwe Normal, kupandisha hakuna. Na Casual haimrudishi Chloé, inawalinda walio hai kuanzia hapo. Kwa hiyo kama kinachokuuma ni Chloé, Casual siyo dawa. Kama kinachokuuma ni hofu ya kupoteza wengine, ndiyo dawa.

Ukienda Normal kioo cha kurudisha muda hakina kikomo, siyo mara 10 kama huko uliko. Ila sura ya 11 kioo hakipo kabisa, hata ukiweka Normal.

---

Jogoo la Kimara (mleta uzi)

Asanteni sana. Dada Bint Sinza umenifungua macho, nilidhani Casual inafufua.

Nina swali jingine. Naona kama sielewi hii ya kuvunja. Three Houses haikuwa na pembetatu ya silaha namna hii. Natumia watu wenye nguvu tu, wakichoka naleta wengine.

---

Fundi Redio

Hapo ndipo ulipo mzizi wa vifo vyako, mkuu, kaa vizuri.

Upanga unashinda shoka, shoka linashinda mkuki, mkuki unashinda upanga. Mpaka hapo ni kama gemu zao za zamani. Kipya ni kwamba ukimpiga adui kwa silaha inayoshinda ya kwake, anavunjika: silaha inamtoka mkononi, na anayefuata kumpiga hajibiwi. Ngumi nazo zinavunja upinde, visu na vitabu vya uchawi. Wenye mavazi ya chuma peke yao ndio hawavunjiki.

Sasa chukua mfano. Mbele yako kuna jamaa wa shoka, damu nyingi, akikujibu anakutoa nusu. Usimpeleke mwenye nguvu kwanza. Mpeleke Alear, mhusika wako mkuu, na upanga, hata kama atamtoa damu kidogo tu. Jamaa kavunjika. Sasa ndiyo unamwita yule mnyonge wako anayehitaji kupanda levo, Céline au Clanne, anamalizia bila kuguswa. Ukibadilisha huo mpangilio, mnyonge anapigwa, unatumia fimbo ya tiba, zamu imekwisha na adui bado kasimama. Watu wale wale, ramani ile ile, tofauti ni nani katangulia.

Na adui naye anakuvunja wewe. Kabla hujamaliza zamu, tembeza kidole kwa kila adui uone anafika wapi na kashika nini. Mtu wa mabawa usimwache ndani ya miraba ya upinde hata kama damu imejaa, upinde unawapiga hao kwa nguvu ya ziada.

---

Kete Moja

Na wale wanaojiunga kwenye shambulio la mwenzao usiwasahau, kina Lapis na Diamant. Adui unayempiga akiwa ndani ya miraba ambayo silaha zao zinafika, nao wanachapa kwanza. Kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 80 wa kupata, na akipata anatoa asilimia 10 ya damu yote ya adui, haijalishi adui ana ulinzi gani. Kwa mnyonge ni kitu kidogo. Kwa bosi mwenye damu 60 ni 6 kwa kila mmoja, ukiwapanga watatu umeshamtikisa kabla ya upanga wenyewe kumfikia.

---

Mtoto wa Temeke

Wakuu mnafichua hadithi ovyo, mimi ndiyo kwanza niko sura ya 5 😭 Kumbe pete zinaibiwa?

---

Bint Sinza

@Mtoto wa Temeke pole mdogo wangu, lakini kichwa cha uzi kimeandikwa sura ya 11. Zinarudi huko mbele, usilie.

Halafu nimewahi kuulizwa kama ni lazima kucheza Three Houses kwanza. Si lazima. Hadithi haiendelei toka kule, hii ni dunia nyingine. Kinachoendelea ni mashujaa wa zamani walio ndani ya pete 12. Marth ni wa gemu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1990. Byleth wa Three Houses naye yumo, utamkuta.

---

Chalii wa Mbagala

Mimi nimeanza kuipenda. Hiyo Switch Lite chaji inakaaje? Huku kwetu umeme ni wa kubahatisha.

---

Jogoo la Kimara (mleta uzi)

@Chalii, gemu nzito inakula chaji, tegemea kama saa tatu hadi saba kulingana na unachocheza na mwanga uliouweka. Chaja ni ileile ya simu za siku hizi, pawabenki inatosha. Ila Lite haiingii kwenye TV, ujue hilo kabla hujatoa hela.

Wakuu, mrejesho: NIMEPITA. Sikubadilisha kitu, Hard na Classic vilevile. Louis nilimtanguliza kama Fundi alivyosema, Vander nikamwacha nyuma acheleweshe wale wa farasi, na kwa maajabu mzee katoka mzima. Kuanzia Ubungo hadi kituo cha Fire nilikuwa sijapumua. Kagetsu huyu mnamjua ninyi? Anakwepa kila kitu!

Sasa nampandisha nani daraja kwanza, maana nina muhuri mmoja tu?

---

Kete Moja

Hongera mwamba. Yeyote aliyefika levo 10 anaruhusiwa, lakini huo mmoja mpe unayemtumia kila vita. Kagetsu hauhitaji, na Panette akija hatauhitaji pia. Mimi ningempa Louis au Citrinne, basi uangalie nani anakufaa.

---

Mtoto wa Temeke

Kaka Jogoo, ukimaliza unauza kadi? Na nikiichukua nitaikuta na hatua zako?

---

Jogoo la Kimara (mleta uzi)

Hapana mdogo wangu, hatua zinabaki kwenye mashine yangu, kadi inakuja tupu, utaanza mwenyewe. Mdogo wangu wa nyumbani nimemfungulia wasifu wake pembeni kwa sababu hiyohiyo, asije akanichezea sura yangu. Ziko sura 26, kwa hiyo vuta subira. Njoo chemba tuongee bei.