Sesiamu-137 katika udongo na maji ya bahari: je, ni lazima kuitenga kabla ya kupima?

Swali

Ndugu wataalamu, tuna sampuli za udongo na za maji ya bahari, lita 20 kila moja, na tunataka kupima sesiamu-137 na sesiamu-134, aina mbili za sesiamu zinazotoa mionzi. Kigunduzi chetu ni cha iodidi ya sodiamu. Udongo unaonyesha kilele karibu na keV 610 (keV ni kipimo cha nishati ya miale), ambacho tunakishuku kuwa sesiamu-134, ilhali maji hayaonyeshi chochote. Je, tutenge sesiamu kwa njia ya kemia katika sampuli zote?

Jibu la kwanza

Udongo usiutenge. Sesiamu hujibana katikati ya matabaka ya madini ya mfinyanzi, hivyo kuitoa kunahitaji asidi kali na bado nyingine itabaki humo, wakati miale yake ya gama ya keV 662 hupenya udongo bila shida kubwa. Kausha, chekecha, pima uzito, kisha jaza chombo chenye umbo lilelile la kile cha urekebishaji (cha sampuli yenye kiasi kinachojulikana, mnayosahihishia kigunduzi), na msongamano ukaribiane.

Kilele hicho kinanitia shaka. Bismuthi-214, inayotokana na radiamu ya asili, hutoa keV 609, na sesiamu-134 hutoa keV 605. Kigunduzi chenu hakiwezi kuvitofautisha, cha jemaniamu kinaweza. Tazameni kwanza keV 1120 na 1764: vikiwapo, bismuthi ipo. Tena sesiamu-134 ina nusu-uhai (muda wa nusu yake kuoza) wa miaka 2 tu, kwa hiyo iliyotoka katika ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya asilimia 4 baada ya miaka 10, huku sesiamu-137 ikiwa bado karibu asilimia 80.

Jibu la pili

Kwa maji, kutenga ni lazima, kwa sababu sesiamu iliyotawanyika katika lita 20 inapaswa kukusanywa katika gramu chache. Tieni asidi hadi pH ishuke chini ya 2, ongezeni kiasi kinachojulikana cha sesiamu tulivu (isiyotoa mionzi), kisha fosfomolibdeti ya amonia, ambayo huikamata sesiamu ingawa kila lita ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za potasiamu. Korogeni, acheni mashapo ya njano yatuame, myakusanye na kuyapima. Sesiamu tulivu iliyopatikana tena ndiyo itakayowaonyesha ni sehemu gani ya sesiamu yote mliyoikamata. Bila kipimo hicho, tarakimu ya mwisho haina maana.

Jibu la tatu

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila kuchuja kutangulie asidi. Asidi ikiwakuta chembe za tope ndani ya maji, itatoa sehemu ya sesiamu iliyoshikamana nazo, na mtaihesabu kana kwamba iliyeyuka baharini. Wala sesiamu tulivu haitawafichulia kosa hilo, kwa kuwa yenyewe imeongezwa ikiwa tayari imeyeyuka. Kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45 kinatosha, na chembe zitakazobaki juu yake zipimwe peke yake, kama udongo.