Betri za kuchaji kwa Game Boy: nikeli au lithiamu? Nimepima nimebaki njia panda

katriji_moja
Wakuu habari zenu. Nataka kununua betri za kuchaji za Game Boy maana nimechoka kutupa betri kila mara. Nimeazima aina mbili kwa rafiki nikasema ngoja nizipime kabla sijatoa hela yangu. Za kwanza ni za nikeli, zimeandikwa 2000. Za pili ni zile za lithiamu zenye kitundu cha USB ubavuni, zimeandikwa 3000. Nikeli zilikaa saa 6 kasoro dakika 10, lithiamu saa 7 na dakika 20. Sasa si 3000 ilitakiwa izidi kwa nusu nzima? Au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia (japo sijanunua bado)? Nichukue zipi?

FundiSaketi
Game Boy ipi mkuu? Ya 1989 inakula betri 4, Color inakula 2, Advance 2, SP haili kabisa ina betri yake ndani. Umesema Game Boy tu kama vile ipo moja duniani. Alafu skrini ni ile iliyotoka nayo au umebadilisha? Sauti ulifungua? Gemu gani? Bila hayo tunapiga ramli.

mama_tetris
Na chaja. Watu wanasahau chaja.

mzee_wa_pikseli
Mimi nasema nikeli za Eneloop basi, mjadala umefungwa. Nina seti niliyoisahau kwenye droo zaidi ya mwaka, siku naziweka taa ikawaka kijani kama hakuna kilichotokea. Hayo ya USB ni mapambo.

katriji_moja
Samahani wakuu. Ni Advance, ile ya kwanza, skrini nimebadilisha nikaweka ya IPS yenye mwanga. Sauti nilizima ili isinisumbue, gemu niliiacha pale mwanzoni inapojicheza yenyewe. Chaja ni ya huyo huyo rafiki, haina jina. Betri mbili za 2000 si zinakuwa 4000 jamani?

FundiSaketi
Hapana, hapo ndo unapojichanganya. Kwenye Advance betri zimefuatana mstari mmoja, kwa hiyo volti zinajumlishwa ila mAh (kiasi cha chaji betri inachobeba) zinabaki 2000 zile zile. La pili, nenda kaisome hiyo 3000 vizuri, karibu na herufi. Naweka dau imeandikwa mWh (nishati, yaani volti mara mAh) sio mAh.

katriji_moja
Dah. Ni mWh kweli. Herufi ndogo kama chawa.

FundiSaketi
Basi hesabu inakubali. Nikeli ni volti 1.2, zidisha kwa 2000 unapata 2400 mWh. Lithiamu ni 3000 mWh. Tofauti ni robo, sio nusu. Ongeza robo kwenye saa 6 kasoro dakika 10 unafika saa 7 na robo na kidogo, yaani pale pale ulipopata wewe. Kipimo chako kiko sawa, lebo ndo ilikuzuga. Na hizo nikeli za AA ukiona mtu kaandika 3500 mAh kimbia, nikeli halisi ya saizi hiyo haivuki 2800 au hapo karibu.

taa_nyekundu
Kabla hujakimbilia lithiamu kwa sababu ya hiyo robo nisikilize mimi. Nilizitumia miezi kadhaa, nikazipenda, nyepesi, unachomeka waya wa simu zinajaa. Sasa kuna siku niko safarini nacheza gemu la mapigano ya kujenga timu, nimekaa nalo wiki nyingi sana, timu imekamilika kila kitu, nikasema ngoja nisevu nilale. Taa kijani kabisa, kijani cha mgomba. Nabonyeza sevu, yale maandishi ya "usizime" yakatokea, na hapo hapo skrini ikafa. Sio kufifia, kufa. Nikachaji nikawasha, gemu linaniuliza kama nataka kuanza upya, hakuna faili, hakuna timu, hakuna kitu. Nilikaa nimeishika tu mkononi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Baadae ndo nikaelewa kwamba ndani ya hiyo betri kuna kisaketi kinashusha volti na kushikilia 1.5 mpaka tone la mwisho, kwa hiyo Game Boy haijui kama betri inaisha, inaona 1.5, 1.5, 1.5, halafu sifuri. Taa nyekundu hukuiona kwa sababu haikuwepo. Tangu siku hiyo sitaki kuzisikia.

mama_tetris
Pole sana dada, hiyo inauma. Ila tuwe wakweli, hata nikeli hazikupi muda mrefu. Zinakaa kwenye 1.2 karibu safari nzima kisha zinaporomoka ghafla. Kwangu taa ikigeuka nyekundu nina dakika chache tu, na hapo nakimbilia sevu. Zile za kutupa ndo zinashuka pole pole, taa inakuonya mapema.

taa_nyekundu
Dakika chache ni nyingi kuliko sifuri.

mzee_wa_pikseli
Na muungurumo hamjausema. Vaa hedfoni na hizo za USB, kwangu kulikuwa na mlio mwembamba kama mbu chini ya muziki. Halafu kijana, zile za nikeli hakikisha unazimaliza kabisa kila mara ndo uchaji, la sivyo zinazoea.

FundiSaketi
Mzee hapo nakupinga kwa heshima. Kuzoea ilikuwa habari ya nikeli-kadimiamu za zamani. Hizi za sasa ukizikamua mpaka mwisho unaziua, maana zikiwa mbili kuna dhaifu itaisha kwanza na mwenzake ataendelea kuisukuma hadi igeuke kinyume. Ndo maana usichanganye mpya na kuukuu.

mzee_wa_pikseli
Nimechaji betri kabla hujazaliwa.

FundiSaketi
Sikatai mzee wangu, na nyingi zilikuwa kadimiamu.

mama_tetris
😂 Tuliokuwa na Game Gear, ile ya mkononi ya Sega, tunawaangalia tu. Betri 6, saa 3 mpaka 5, kwaheri. Nyie mnagombania robo.

kasa_bluu
Kwani si anunue SP tu? Ya 2003, inachajiwa, inajikunja, inaisha hiyo stori.

mzee_wa_pikseli
SP haina tundu la hedfoni bila adapta. Sio Game Boy hiyo, ni kompakti ya kujipodolea.

kasa_bluu
Mzee umeamka na nini leo

FundiSaketi
Turudi kwa mwenye uzi. Rudia kipimo ukiwa umefungua sauti nusu, mwanga wa skrini unaotumia kila siku, na nikeli zichaji na kuzitumia mara 2 au 3 kwanza kama zilikaa muda, huwa zinaamka taratibu. Weka simu irekodi ili ujue ilizima saa ngapi kamili.

katriji_moja
Sawa mkuu, naanza usiku huu na nikeli.

katriji_moja
Mrejesho. Nimeamka nikakuta Game Boy imezima na simu nayo imezima. Video inaishia saa ya 4, Game Boy bado inawaka, taa kijani. Kuna mtu anajua simu gani inakaa na chaji?

mzee_wa_pikseli
Fungua uzi mwingine. Na useme ni simu ipi.